Wa Pili wa Kusini

Sheria ya mwaka ule ilikuwa fupi: kila mkoa utapeleka wakimbiaji wawili kwa kila mbio. Mikoa mitano ya Zanzibar, watu kumi, fainali moja Amaan. Mwalimu wetu wa michezo aliibandika karatasi kwenye mlango wa stoo ya mipira, na sisi tukaisoma kama tunavyosoma ratiba ya mtihani, kila mtu anatafuta siku yake tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini wawili, wala kwa nini mikoa.

Mie ni mtu wa Makunduchi. Wageni wanatujua kwa Mwaka Kogwa. Wanakuja mwezi wa Julai kutuangalia tukitandikana kwa migomba, wanapiga picha, jioni wanarudi zao hotelini. Miezi kumi na moja iliyobaki hakuna mwenye habari na sisi, na ndiyo miezi niliyokuwa nikifanya mazoezi. Nilikimbia pwani maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu bado, na siku ambazo maji yamejaa nilizunguka uwanja wa mpira, nikiwaomba watoto radhi kila ninapopita nyuma ya goli lao. Nilivaa suruali ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu na mtandio niliouzungusha nikaukaza kwa pini mbili. Viatu nilikuwa navyo pea moja, na nikienda pwani nilikuwa naviacha nyumbani.

Mchujo wa mkoa wetu ulifanyika kwenye nyasi. Mistari ya chokaa, kona moja kali kuliko nyengine, na saa moja ya kupimia mkononi mwa mwalimu mmoja. Wasichana wa mita 800 tulikuwa saba. Nikawa wa pili, nikaandikiwa 2:36. Nilifurahi mpaka nikalia, na bibi yangu, ambaye hajui mita ni kitu gani, akanipikia mkate wa kumimina.

Wiki hiyohiyo mjini, kwenye tartani ya Amaan, mkoa wa Mjini Magharibi ulifanya mchujo wake. Walijitokeza wasichana wengi hata ikabidi wapigwe makundi mawili kwanza, halafu ndiyo fainali ya mkoa. Msichana mmoja wa Jang'ombe alimaliza wa tatu. Muda wake ulikuwa 2:29. Wa tatu haendi.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye sana. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimepata jezi ya mkoa na nauli ya gari ya 310 kwenda na kurudi. Kwenye fainali nilikuwa wa saba kati ya kumi, kwa 2:33, muda mzuri kuliko wote niliowahi kukimbia mpaka siku ile. Nikumbuke na wasichana wawili wa Pemba. Walishuka bandarini Malindi alfajiri ya siku ya mbio, na mmoja wao alikuwa ametapika njia nzima. Mkondo wa Nungwi anayeujua anaujua. Alikaa kivulini na limau puani mpaka alipoitwa, akakimbia, akawa wa kumi. Mwenzake aliniambia kwamba Gombani, kwao, huyu hakuna anayemgusa. Niliamini basi na ninaamini leo. Lakini kitabu cha matokeo hakina safu ya bahari.

Miaka mitatu baadaye nikaingia chuo. Wiki ya kwanza, bwenini, tunagawana mandazi na chai, msichana mmoja mwembamba mwenye sauti ya juu akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Makunduchi. Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaweka kikombe chini.

"Ehee! Kumbe ndo wewe! Wa pili wa Kusini!"

Alikuwa analijua jina langu, skuli yangu na muda wangu, hadi sehemu za sekunde. Miaka mitatu amekaa nalo. Karatasi ya matokeo ya mikoa yote ilibandikwa Amaan siku ya fainali, na yeye alikwenda kama mtazamaji, akaisoma jina kwa jina. Mikoa minne mengine ilikuwa na wakimbiaji wanane. Watano kati yao muda wao wa mchujo ulikuwa mbaya kuliko wake. Mie nilikuwa mmoja wa watano hao. Kwa nini aliniganda mie khasa sikumuuliza, ila nadhani ni kwa sababu nilikuwa wa pili. Mshindi wa mkoa mtu humheshimu hata akiwa mzito.

"Mie nimeshindwa na watu wawili tu Unguja nzima," alisema, "na wote wawili tunatoka mtaa mmoja. Wewe hujanishinda hata siku moja, lakini jezi umevaa wewe. Kosa langu mie nimezaliwa Jang'ombe."

Nilimjibu kama watu wa shamba tunavyojibu siku zote. Kwamba yeye anatoka kwao kwa miguu anafika Amaan kabla jasho halijamtoka. Kwamba amekimbia kwenye tartani na mie nimekimbia kwenye nyasi zenye kona ya uongo. Kwamba ule muda wake na ule wangu si vitu vya kuwekwa kwenye mizani moja. "Sawa," akasema, "basi wangetukimbiza pamoja." Tulibishana mpaka mandazi yakaisha, na tokea usiku ule akawa shoga yangu. (Wasomaji wa mbali wanisamehe, kwetu mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike, na sina neno jengine lenye uzito huo.)

Nimeufikiria ubishi ule kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria mbio zenyewe. Hebu tazama hesabu. Sensa ya 2022 inasema Zanzibar ina watu 1,889,773. Mjini Magharibi peke yake ina 893,169, karibu nusu ya nchi. Kusini Unguja ina 195,873, kama mtu mmoja katika kila kumi. Wakati wetu idadi zilikuwa ndogo zaidi lakini uwiano haukuwa mbali na huo. Ukitoa nafasi mbili huku na mbili kule, msichana wa mjini anagombania mlango uleule na watu mara nne na nusu ya wale ninaogombania nao mie. Kwa hesabu hiyo shoga yangu kaonewa, na hakuna haja ya kuzunguka.

Sasa geuza. Tuseme tunafuta mikoa, tunachukua kumi wenye muda mzuri Zanzibar nzima. Muda uliopimwa na nani? Mbio zinazopimwa kwa saa ya mkono humwonesha mtu ana kasi kuliko aliyonayo, kwa sababu mpimaji huchelewa kidogo kubonyeza anapouona moshi wa bastola. Ndiyo maana zamani wanariadha wa mita 100 walikuwa wakiongezewa sekunde 0.24 ili muda wao ulinganishwe na wa mashine. Hapo ni kama kuna bastola. Sisi tulikuwa na mwalimu na kitambaa. Ongeza upepo: michezo mingi ya skuli inaangukia msimu wa kusi, na kusi likikaza nusu ya uwanja unasukumwa na nusu ya pili unasukumana nalo. Uwanja wa mjini una majukwaa ya kulikinga. Wa kwetu una minazi. Orodha ya muda ingetoa timu ya watu wa Mjini Magharibi watupu, au nane na Wapemba wawili, na Makunduchi pangebaki kuwa pahali pa kupigana kwa migomba. Msichana wa Makunduchi asiyewahi kumuona mtu wa kwao amevaa jezi atakwenda kukimbia kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo msimamo wangu, na sijaubadilisha, ni kwamba nafasi za mikoa zibaki. Lakini nausema huku najua umelipiwa na nani.

Marekani, ambako riadha ya vyuo ni kitu kizito chenye pesa na makocha, wanagombana kwa jambo hilihili. Watanzania tuna haki ya kuifuatilia michezo ile, maana Suleiman Nyambui alipitia kule: akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas, tawi la El Paso, alishinda ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya hapo akaenda Moscow 1980 akarudi na fedha ya mita 5,000. Siku hizi mwanafunzi wa kule hafiki fainali moja kwa moja. Tangu 2010 daraja la juu la vyuo limegawanywa Mashariki na Magharibi. Katika mbio nyingi kila upande unaita wakimbiaji 48, na 12 ndio wanaopita kwenda fainali ya watu 24. Kabla ya hapo, kuanzia 2003, walikuwa na kanda nne. Kila mwaka, mwezi wa Mei, yupo mtu wa 13 upande mmoja ambaye muda wake ungempitisha upande wa pili, na kila mwaka kocha wake analalamika. Wamejaribu kurekebisha kila kinachorekebishika: orodha ya 48 inatokana na muda, na anayekimbia masafa marefu kwenye miji ya milimani, kwenye hewa nyepesi, muda wake unapigiwa hesabu upya. Hesabu ya mlima ipo. Ya boti ya Pemba sijaisikia.

Na wasomaji wa ukurasa huu wasidhani wao hayawahusu. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola hutolewa kwa mikoa mitano: Afrika, Asia, Kanada na Ulaya, Karibi, na Pasifiki. Kila mkoa mshindi mmoja, halafu mmoja wao anakuwa mshindi wa wote. Hadithi za Kiswahili zinapokelewa. Mwandishi wa Kiafrika anayekuwa wa pili, nyuma ya hadithi moja tu ya bara zima lenye Nigeria ndani yake, ni msichana wa Jang'ombe. Mshindi wa Pasifiki, pamoja na heshima zake zote, ana kitu cha Makunduchi. Nimewahi kusoma hadithi za washindi hao na baadhi zimenigusa kuliko za washindi wa mikoa mikubwa, na hapo hoja yangu inapata nguvu kidogo: ukiufungua mlango kwa mkoa, wakati mwengine anaingia mtu ambaye orodha isingemwona.

Tena Wazanzibari sisi wenyewe, kwenye mambo haya, hatujui tusimame wapi. Kwenye mpira bingwa wetu anakwenda Afrika kwa mlango wake mwenyewe, haombi nafasi kwa Simba wala Yanga. Tunacheza Kombe la Chalenji kwa jina letu, na tulilichukua 1995. Tarehe 16 Machi 2017 CAF ilitupokea kuwa mwanachama kamili wa 55. Watu waliimba barabarani. Tarehe 21 Julai mwaka huohuo ikatutoa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne. Waliokuwa wakinywa kahawa Jaws Corner jioni ile wanasema kimya kilikuwa cha msibani. Kwenye riadha hatujafika hata hapo. Mlango wa Olimpiki ni mmoja, wa Tanzania, na Tanzania ya riadha ni ya nyanda za juu na ya masafa marefu. Wanariadha wetu wanne wa Paris 2024 wote walikimbia marathoni. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, kwa 2:09:48, muda uleule alioandikiwa Mjerumani wa pili, nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Halafu nikajiuliza mtoto wa kisiwani, aliyezaliwa usawa wa bahari, atapita mchujo gani kufika pale. Ikiwa ni mchujo wa muda, sijui. Ikiwa Zanzibar itahesabiwa kama mkoa na kupewa chake, huenda.

Lakini hapo nimeshaingia kwenye kiatu changu kilekile cha wa pili wa Kusini, na shoga yangu naye aliingia.

Mwaka wetu wa pili chuoni tulifanya mchujo wa haki kuliko yote niliyopata kuiona: uwanja mmoja, saa mbili, wote tumekula wali uleule mchana. Hakuna mikoa. Akatushinda sote. Mimi nilikuwa wa nne na sikuwa na la kusema, na kwa kweli nililala vizuri. Akapelekwa Bara kwenye michezo ya vyuo. Na Bara nafasi ziligawiwa kwa kanda, na Zanzibar ilihesabiwa kanda moja.

Alikimbia 2:24, akawa wa nne kwenye kundi lake, safari ikaishia hapo. Nguo zake alikuwa amemkabidhi msichana mmoja wa kujitolea, mwanafunzi wa chuo cha mji uleule, aliyepangiwa kubeba vikapu vya nguo vya wakimbiaji kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Aliporudishiwa kikapu, yule msichana alimuuliza kwa adabu kabisa: "Dada, kwenye mchujo wenu kisiwani ulikimbia ngapi?" Akamwambia, 2:26. Yule msichana akatikisa kichwa, akamwambia hongera. Yeye alikuwa amekimbia 2:19 kwenye kanda yao. Wa tatu.

Usiku alinipigia simu. Hakusema hujambo.

"Shoga, leo na mie nimekuwa Mmakunduchi."

Tulicheka, lakini alikuwa analia pia, na sikujua la kumwambia. Aliniuliza kama mie nilijisikia hivyo siku ile Amaan. Nilimwambia hapana, kwa sababu wakati ule nilikuwa simjui yeye. Hiyo ndiyo tofauti. Nafasi ya mkoa ni rahisi kuivaa mradi aliyebaki nje hana sura.

Kuna njia ya tatu, na watu wa Kenya wanaijua kuliko sisi. Kwenye mashindano ya dunia nchi moja hupeleka watatu kwa kila mbio, na Mkenya wa nne wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji angeweza kuwa wa kwanza kwenye nchi nyingi duniani. Agosti 2003 kijana anayeitwa Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi huohuo akashinda dhahabu ya dunia mjini Paris, mbele ya Ezekiel Kemboi wa Kenya. Ndugu yake alikuwa kwenye mbio hizohizo na jezi ya Kenya. Mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia, 7:53.63. Watu walizungumza pesa, na pesa ilikuwepo. Mie nadhani mtu akiona mlango wa kwao una foleni na wa jirani uko wazi, pesa si kitu pekee kinachomtembeza.

Nimeolewa Mji Mkongwe, siku hizi nafundisha skuli ya mjini. Kwa maneno mengine nimevuka. Wanafunzi wangu wanafanya mazoezi Maisara, karibu na bahari, na wanaokaribia mchujo nawapeleka Amaan, ambayo tangu ifunguliwe upya Desemba 2023 inawafanya watoto watembee kwa adabu kama wameingia msikitini. Sasa wa tatu ni wangu. Kila mwaka ninaye mmoja.

Kwenye kikao cha walimu wa michezo niliwahi kupendekeza jambo dogo: wawili kila mkoa wabaki, halafu ziongezwe nafasi mbili kwa wa tatu wenye muda bora Zanzibar nzima, kama inavyofanywa kwenye nusu fainali popote duniani. Mikondo minane haitoshi watu kumi na mbili, lakini mita 800 watu huvamia njia ya ndani baada ya kona ya kwanza, tungejipanga. Mwalimu mmoja mzee kutoka Kaskazini alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Muda kwa saa za nani, mwalimu?" Alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe ya bwenini. Pendekezo likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na liko huko.

Basi nimenunua saa mbili. Kila Jumamosi nawapima wasichana wangu, saa moja kwangu na moja kwa mwenzangu, tunaandika muda mbaya zaidi kati ya mbili kwenye kaunta buku. Nimemwomba na mwalimu wa Makunduchi afanye hivyo kule, na mwezi uliopita alileta wanafunzi wake watatu kwa gari ya 310 tukawakimbiza pamoja na wangu. Hayakuwa mashindano rasmi, hayahesabiki popote. Msichana wangu mmoja alikimbia 2:27 na amewatangulia wote waliotoka Kusini. Mkoani kwetu, kwa ninavyowajua waliopo, atakuwa wa tatu.

Anajua. Alikaa kwenye nyasi anafungua kamba za viatu, akaniuliza bila ya kunitazama:

"Mwalimu, nikihamia Paje kwa bibi yangu, si nitakuwa mtu wa Kusini?"

Nikamwambia afunge viatu, bado ana mizunguko miwili.